Walimu waende Kamariny, watoto tuwapeleke Njombe

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, unaponukia, hoja ile ile huzuka huku kusini mwa Tanzania: tuchange, tukodi basi, tuwapeleke wakimbiaji wetu Iten, Kenya, wakajifue siku nne au tano katika uwanja wa Kamariny, kisha waingie moja kwa moja kwenye mashindano. Wanaoisema wana nia njema. Lakini mpango wenyewe, ukifuatwa ulivyo, utamrudisha mtoto akiwa amechoka kuliko alivyoondoka, na michango ya wazazi itakuwa imeishia kwenye mafuta ya basi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze sababu, na tuseme kifanyike nini badala yake.

Tuanze na uwanja wenyewe, maana wengi wanaoutaja hudhani una majukwaa na taa. Kamariny upo nje kidogo ya mji wa Iten, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, pembezoni mwa genge refu linaloporomoka kwenda Bonde la Kerio. Ni uwanja wa tangu enzi za ukoloni, na kilichoupa jina ni njia ya kukimbilia ya udongo. Iten ndiko iliko Shule ya St Patrick's, alikosoma Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 Seoul mwaka 1988, na Ibrahim Hussein, aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1987 na ya Boston mwaka uliofuata. Bruda Colm O'Connell wa Ayalandi alifika shuleni hapo mwaka 1976 kufundisha jiografia, si riadha, na ndiye baadaye aliyemfunza David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012. Kwa mwalimu wa Nachingwea au Tandahimba aliyekabidhiwa kipenga kwa sababu tu hakuna mwingine, hiyo jiografia si habari ndogo.

Jambo moja lijulikane mapema. Ukarabati wa Kamariny ulianza mwaka 2017 ukakwama kwa miaka, na wakimbiaji wakahamia viwanja vingine, kikiwemo cha Chuo cha Ualimu Tambach, kilicho chini kidogo kwenye mteremko. Asiyepiga simu kuulizia kabla ya safari anaweza kufika akakuta mafundi na mabati badala ya wakimbiaji.

Sasa hewa. Oksijeni katika hewa ya Iten ni asilimia ile ile ya Mtwara, karibu 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe: kwenye mita 2,400 ni kama robo tatu tu ya ule wa pwani. Kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo, na mwili unaanza kujitetea. Saa chache baada ya kufika, figo zinatoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze seli nyekundu zaidi. Homoni hiyo hufikia kilele ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo wengi wanapodhani kazi imekwisha. Haijaisha. Seli zenyewe huchukua wiki tatu hivi kuongezeka kwa kiwango cha kumsaidia mkimbiaji.

Katika siku hizo za mwanzo mwili unalipa gharama bila kupokea kitu. Mkojo unaongezeka, hewa kavu inakausha maji mwilini kwa njia ya pumzi, damu inakuwa nzito. Moyo unakwenda mbio hata mtu amelala. Usingizi unakatika, chakula hakipandi, kichwa kinagonga. Mtoto anayeshushwa kutoka mlimani siku ya nne au ya tano amebeba hasara zote hizo na faida hata moja bado. Afadhali angebaki Lindi, akalala kwao na kula alichozoea.

Tofauti ipo kwa wa mbio fupi na waruka chini, ambao hewa nyepesi huwapunguzia upinzani. Mjini Mexico mwaka 1968, kwenye mita 2,240, Bob Beamon aliruka mita 8.90 wakati rekodi ya dunia ilikuwa 8.35. Katika michezo hiyo hiyo waliokimbia mbali waliteseka. Marathoni ile waliianza wakimbiaji 75 wakamaliza 57, na wa mwisho kati ya hao 57 ni John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, aliyefika goti likiwa limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Akhwari alikuwa mzaliwa wa nyanda za juu na bado hewa ile ilimsumbua. Mtoto aliyekulia Mikindani tusimtegemee aimudu kwa siku nne.

Kuna la damu, na hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Seli nyekundu hutengenezwa kwa madini ya chuma. Asiye na akiba ya chuma mwilini hata akae Iten miezi miwili, uboho hauna malighafi. Na huku kwetu sababu za kupungukiwa damu ni nyingi: malaria za mara kwa mara, minyoo ya safura, kichocho, na kwa wasichana hedhi. Kipimo cha wingi wa damu kinapatikana hata katika vituo vya afya vya kawaida. Kifanyike wiki sita hadi nane kabla ya safari, si siku mbili, kwa sababu kurekebisha damu kunachukua muda huo. Msichana aliye chini ya gramu 12 kwa desilita, au mvulana wa miaka 15 na zaidi aliye chini ya 13, huyo ana upungufu wa damu. Atibiwe kwanza, habari ya mlima isubiri. Vidonge vya chuma visigawiwe kwa wote kama njugu. Anayevihitaji aandikiwe na mganga kwa kipimo.

Chakula nacho kina kanuni zake. Dagaa, maini, majani ya kunde, mbaazi na korosho vyote vina chuma, na vyote tunavyo. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe, kwa hiyo isogezwe saa moja mbele. Kinachosaidia ni vitamini C: chungwa, embe, au bibo lenyewe, ambalo kwenye msimu wa korosho tunaliacha lioze chini ya mkorosho wakati lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kabla ya kupanda basi kila mmoja apimwe malaria, hata asiyeumwa. Aliyeondoka pwani na vimelea anaweza kupata homa wiki moja au mbili baadaye, akiwa juu, na dalili zake za kwanza ni kichwa na kichefuchefu, zile zile za hewa nyembamba. Mwalimu atasema "ni mwinuko tu, atazoea", kumbe mtoto anazidiwa. Beba vipimo vya haraka vya malaria kwenye sanduku la dawa, na kila kichwa kinachouma pamoja na homa kipimwe siku hiyo hiyo. Mwinuko peke yake hauleti homa ya nyuzi 39.

Na selimundu (sikoseli). Mwenye ugonjwa huo asipelekwe mlimani kufanya mazoezi, hilo halina mjadala. Aliyebeba kinasaba chake kwa upande mmoja tu wa wazazi mara nyingi hajijui, kwani hana ugonjwa, lakini akikimbia kwa nguvu mahali penye oksijeni kidogo, akiwa na kiu na baridi, anaweza kupata madhara kwenye bandama. Wazazi waulizwe historia ya ukoo, na panapowezekana kipimo kifanyike. Akilalamika maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, mazoezi yasimame na apelekwe hospitali, asikandwe na dawa ya misuli.

Sasa mahali. Kutoka Mtwara kwenda Iten kupitia Dar es Salaam, Arusha, Namanga, Nairobi na Eldoret ni kilomita zinazokaribia 1,800. Kundi la watoto litakesha usiku mara mbili kwenye viti, miguu ivimbe, na siku mbili nyingine zipotee kwa kuinyoosha. Ongeza mpaka, hati za kusafiria za kila mtoto na barua za ridhaa za wazazi. Kisha mtihani huo huo wakati wa kurudi.

Njombe ipo karibu na mita 2,000. Kutoka Mtwara unakwenda Masasi, Tunduru, Songea, unapanda Njombe: karibu kilomita 900, lami, bila mpaka wowote. Mgandamizo wa hewa kule umepungua kwa takribani moja ya tano, na huo ndio mwinuko ambao mwili unaanza kuitikia kwa maana. Chini ya mita 1,800 hivi mwitikio ni hafifu. Faida nyingine ya njia hii ni Songea, mji ulio juu kidogo ya mita 1,100: ukilala hapo usiku mmoja unagawanya safari na kuupa mwili ngazi ya kwanza. Na haikutegemezi barabara ya Kilwa, ambayo Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na kututenga na Dar es Salaam.

Wapo wanaouliza mbona tusiende Newala, au Rondo kwa ndugu zetu wa Lindi. Miinuko hiyo haifiki mita 1,000. Upepo ni mzuri, usiku panapoa, na miteremko ya Newala inayotazama Bonde la Ruvuma inafaa sana kwa mbio za kupanda mlima, pengine kuliko mahali pengine popote katika mikoa yetu miwili. Wakimbiaji wafanye mazoezi hapo mwaka mzima. Ila damu haitaongezeka kwa sababu ya Newala.

Muda wa kambi ni wiki tatu kamili, nne zikipatikana. Siku ya kwanza hakuna mazoezi, ni kutembea na kunywa maji. Siku ya pili hadi ya nne wakimbie polepole dakika 20 hadi 30, kwa mwendo ambao mtu anaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa kuongea apunguze. Siku ya tano hadi ya saba dakika 40, na mwishoni mbio za mita 80 tano au sita za kunyoosha miguu, akitembea kurudi mpaka pumzi itulie kabisa. Wiki ya pili unaweza kuanza mita 200 mara kumi, au mita 400 mara sita, lakini mapumziko ya dakika mbili uliyozoea pwani yafanye kuwa ya dakika tatu au tatu na nusu. Usitafute muda wa pwani kwenye saa yako. Mbio za mita 1,500 na zaidi zitakuwa nzito na hilo si kosa la mtoto. Wiki ya tatu rudi karibu na kawaida, kisha siku mbili za mwisho pumzisha.

Panapoharibika ni siku ya tatu. Kichwa kimetulia, jua linapendeza, vijana wa kule wanapita wakikimbia, na wetu wanataka kuwaonyesha. Wanashindana nao kilomita kumi. Kesho yake nusu ya kambi imelala, wengine wanatapika, na wiki nzima imekwenda. Mwalimu awe mkali siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Asubuhi kabla hawajatoka kitandani kila mmoja ahesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, aandike kwenye daftari. Yakiwa yamezidi ya jana kwa kumi au zaidi, siku hiyo ni ya matembezi. Kama kuna kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kwenye mwinuko huu usomaji wa 92 hadi 95 mtu akiwa amepumzika ni wa kawaida, hata kama pwani amezoea 98. Akishuka chini ya 90 na anaumwa kichwa, anatapika au anahema akiwa amekaa, muone mganga na mteremshe. Kushuka ndiyo dawa. Kutoka Njombe teremka kuelekea Songea. Walioko Iten wana Bonde la Kerio hapo hapo chini yao.

Baridi tusiichukulie mzaha. Njombe mwezi Juni na Julai hushuka chini ya nyuzi 10 usiku, na mabonde mengine hupiga sakitu. Mtoto wa Kilwa hana sweta, na kanga mbili hazitoshi. Kila mmoja awe na blanketi mbili, soksi nzito, kofia ya sufu na suruali ya kupashia misuli. Nguo za mazoezi ziwe jozi tatu, maana zikifuliwa asubuhi jioni bado mbichi. Midomo inapasuka na pua hutoa damu kwa ukavu wa hewa. Mafuta ya mgando kidogo puani usiku yanasaidia. Jua nalo linachoma ingawa kuna baridi, kwa sababu hewa ya kulizuia ni chache.

Mpishi naye apewe semina yake. Juu kule maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, Iten 92, badala ya 100. Sufuria inatokota kwa makelele lakini haina moto wa kutosha, na kuongeza kuni hakupandishi joto la maji hata kidogo, kunayamaliza tu. Maharage na mbaazi kavu zilizobebwa kutoka Ruangwa ziloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, zibandikwe mapema zikiwa zimefunikwa, chumvi iwekwe mwishoni. Wali uongezewe maji na upaliliwe kwa muda mrefu, la sivyo nje utalainika na kiini kitabaki. Mengi yanayoitwa "tumbo la mlima" ni maharage yasiyoiva.

Kurudi kuna hesabu yake. Walimu wengi wa mbio hushika kwamba ushindane ndani ya siku mbili tangu kushuka, au usubiri wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa hapo katikati mwili unayumba. Kwa mashindano ya pwani sisi tungechelewa kuliko kuwahi, kwa sababu ya jasho: aliyekaa mwezi kwenye baridi amepoteza uzoefu wa joto la bahari, na kuurudisha kunataka siku 7 hadi 14 za mazoezi kwenye joto lenyewe. Wala usichelewe mno. Seli zilizoongezeka hazikai. Baada ya wiki tatu au nne pwani sehemu kubwa imeshapungua. Kwa hiyo kambi ya likizo ya Desemba haimsaidii mtu damu kwa mashindano ya katikati ya mwaka, hata kama imempa pumzi, nidhamu na marafiki. Kama ratiba ya shule haitoi wiki tatu kabla ya mashindano, kambi ya mlimani isifanyike kabisa.

Kamariny basi ni ya nani? Ni ya walimu. Wawili au watatu, nauli yao ni sehemu ndogo ya basi la kukodi, na hawahitaji damu ya ziada ili waone. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza kuingia Kenya. Anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi hiyo huulizwa hata unaporudi nyumbani, na asiyekuwa nayo huishia kubishana dirishani wakati basi linapiga honi. Kutoka Eldoret zipo matatu za kwenda Iten, mwendo wa kilomita thelathini na kitu.

Fikeni Jumatatu. Kwa kawaida ya wakimbiaji wa kule Jumanne ni siku ya uwanjani, Alhamisi ni mbio za kubadilisha mwendo barabarani, dakika moja ya nguvu na moja ya taratibu au mbili kwa moja, na kundi linaweza kupita watu mia moja. Mwisho wa wiki huwa na mbio ndefu, kisha Jumapili watu wanapumzika na kwenda kanisani. Mazoezi ya alfajiri huanza saa kumi na mbili, ya uwanjani saa tatu hivi. Desemba hadi Februari ni kukavu. Aprili na Mei, na tena Julai na Agosti, mvua hunyesha mchana na udongo mwekundu hugandia viatu kama unga wa muhogo uliokosewa.

Uwanjani simameni nje ya njia. Njia ya ndani ni ya anayekimbia kwa kasi, anayepasha misuli hukimbilia za nje. Salimieni wazee na makocha kwanza, jitambulisheni mmetoka wapi, ombeni ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Kiswahili kinatosha kabisa. Tazameni mambo ambayo hayagharimu kitu: jinsi kundi linavyopanga mstari na kupokezana kuongoza, jinsi wanavyopumzika wakitembea bila kukaa chini, jinsi kocha anavyomkatiza kijana ambaye muda wake umeanza kushuka badala ya kumkaripia amalize idadi. Andikeni muda wa mapumziko, si wa mbio tu. Watazameni pia viatu: kwenye udongo mgumu wengi hawavai vya misumari. Kanuni inaruhusu msumari wa hadi milimita 25 kwenye uwanja usio wa mpira, lakini udongo ukishakauka ukawa kama sakafu, msumari mrefu unaleta maumivu ya ugoko tu.

Watakaporudi wawe na kazi ya kwanza: kupima uwanja wa shule. Viwanja vyetu vingi vinaitwa mita 400 kwa mdomo. Ukivipitisha tepu unakuta 370 au 385, na mtoto "aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 4 na sekunde 5" akifika mashindano ya taifa anaonekana ameshuka kiwango. Hajashuka, alidanganywa na chokaa.

Kinachohitajika ni tepu ya chuma ya mita 50 au 100, vigingi, waya na chokaa. Piga vigingi viwili vya katikati, umbali wa mita 84.39. Hapo ndipo vituo vya duara mbili za pande zote. Urefu huo huo ndio wa kila mstari ulionyooka. Vitabu vinasema nusu kipenyo cha mita 36.50, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kipimo hicho ni cha uwanja wenye ukingo ulioinuka upande wa ndani, ambapo mbio hupimwa sentimita 30 kutoka kwenye ukingo. Uwanja wenye mstari wa chokaa tu, kama vyetu, hupimwa sentimita 20 kutoka kwenye mstari, kwa sababu mkimbiaji anaukaribia zaidi bila kuogopa kujikwaa. Ukichora 36.50 kwa chokaa umepata mita 399.37. Chora 36.60: ukiongeza 0.20 unapata 36.80, duara nzima ni mita 231.22, ukijumlisha na mistari miwili ya 84.39 unapata 400 kamili. Kamba ya katani usiitumie kuzungushia, inanyooka ikivutwa na kusinyaa ikilowa. Kosa la sentimita 10 tu kwenye nusu kipenyo linakula sentimita 63 kila mzunguko. Tumia waya, na pembe za mraba zipigwe kwa tatu-nne-tano kama mafundi wanavyofanya kwenye msingi wa nyumba.

Njia sita zenye upana wa mita 1.22 zinataka eneo la kama mita 173 kwa 88, bila kuhesabu nafasi ya kusimamia. Kwa mita 400 ndani ya njia zao, wakimbiaji hupishana mwanzoni, na hapo pia kitabu kinaweza kukuponza: kina mita 7.04 kwa njia ya pili, ambayo ni ya uwanja wenye ukingo. Kwa chokaa kila njia inasogezwa mbele mita 7.67 kuliko iliyo ndani yake, yaani 7.67, 15.33, 23.00, 30.66 na 38.33 kwa njia ya pili hadi ya sita. Kwa mita 200 gawa kwa mbili. Mistari ipigwe upya baada ya kila mvua kubwa, na vigingi viwili vya katikati vizikwe kwa zege chini ya usawa wa ardhi, ili mwakani kazi isianze tena kwa kubahatisha na wachezaji wa mpira wasivipige teke.

Ni sisi walimu wa riadha,
Mtwara na Lindi.